Nakala Isiyodumu

Poznań, Desemba ya simu zilizokatwa.
Mimi ni Otylia, mwosha chupa wa ghorofa ya tatu.
Jioni napanga mirija ya kioo ndani ya tanuri,
naioka usiku kucha kama mikate isiyo na mlaji,
kwa kuwa Daktari Bogna alinionya:
mikononi mwetu wamo wauaji.

Nilitazama viganja vyangu,
vimechubuka kwa magadi, vinanuka kitunguu.
"Jasho," akasema. "Gusa tu kwa kidole,
na RNA niliyoihangaikia wiki tatu
imekatwakatwa kabla hujasema samahani."
Tangu hapo navaa glavu hata kufungua mlango.
Kaka yangu Seweryn ananicheka.
Yeye vidole vyake vyeusi, wino hautoki,
wala hasemi anashinda wapi.

Bogna anasaga viini vya ngano kwenye kinu baridi,
ndoo ya barafu miguuni, koti juu ya koti,
makaa ya jengo yameisha tangu Jumanne.
Anasaga na kunieleza, maana wanafunzi hawaji,
na mtu akinyamaza sana hapa hugeuka ukuta.

Mali bila daftari, si ndiyo?
Basi daftari lipo. DNA. Limefungiwa ndani ya kiini,
halitoki, haliazimwi.
Anayetaka ukurasa aunakili palepale,
na penye T aandike U,
kama mtoto mwenye mwandiko wake.
Nakala inapenya tundu la ukuta, inatoka nje,
nyembamba, uchi, uzi mmoja tu.
Huko ribosomu inaikamata na kuisoma
herufi tatu,
tatu,
tatu,
hairuki, hairudi nyuma.
Na wachukuzi wanakuja, RNA nao, wafupi,
kila mmoja na asidi amino moja mgongoni
na herufi tatu za nywila.
Nywila ikikubali, anatua mzigo na kuondoka.
Isipokubali, arudi alikotoka.
(Nikakumbuka daraja la mto Warta, saa nne usiku,
askari kijana, pua nyekundu: "Kibali?")

"Na nakala je?" nikauliza.
"Inasomwa, inasomwa tena, kisha inararuliwa."
"Nani anairarua?"
"Seli yenyewe. Ingedumu,
tungekuwa tunatengeneza leo mahitaji ya juzi."

Ijumaa akachukua RNA ya damu ya sungura,
akaitia katika ule mchuzi wa ngano,
na methionini yenye salfa ya mnururisho.
Ngano! Mmea ambao haujawahi kuwa na tone la damu,
haujui moyo, haujui kukimbia mbwa.
Filamu tukaifungia gizani siku nne.
Ilipotoka kwenye dawa, maji yakichuruzika,
kulikuwa na mstari mmoja mweusi,
mwembamba kama ukingo wa kucha.
Globini. Ngano imesoma barua ya sungura
na kufanya kama ilivyoambiwa.
Bogna akakaa juu ya ndoo, barafu ikamlowesha sketi,
akasema neno ambalo mama yangu angenipiga kwalo.

Usiku ule Seweryn aliniletea karatasi,
ukubwa wa kiganja, herufi zimevuja,
mistari mitatu na saa.
"Soma, mpe jirani, yeye achome."
Niliivua glavu kwanza. Sijui kwa nini.
Nikavuka ukumbi kwa Mama Przybysława,
akaisoma chini ya mdomo,
akafungua jiko, akaitia.

Kesho yake saa moja na nusu, mtaa wa Wilda,
dirisha la ghorofa ya pili likawashwa mshumaa.
Halafu la nne. Halafu upande wa pili, saba,
nane, hata kwa yule mzee asiyesalimia.
Hakuna hata mmoja wetu mwenye karatasi.
Doria ilipita polepole, ikatazama juu,
ikatafuta chini, kwenye theluji, kitu cha kukamata.

Seweryn hakurudi usiku huo, wala uliofuata.
Nimeosha chupa arobaini.
Nimezipanga tanurini, vinywa chini.